Ukumbusho na Makumbusho

Lugha yetu ina maneno mawili yaliyozaliwa tumbo moja: ukumbusho na makumbusho. Yote mawili yametokana na kukumbuka, ila kila moja limeshika njia yake. Ukumbusho ni kitu anachonunua mgeni siku ya mwisho ya safari, akakifunga kwa gazeti na kukisweka kati ya nguo sandukuni, ili akifika kwao kimkumbushe kwamba aliwahi kufika kwetu. Makumbusho ni nyumba. Kitu kikiingia humo hukaa, ili kimkumbushe mwenyeji, na mtoto wa mwenyeji, mambo ambayo pengine angeyasahau. Katika mji wa Arusha maneno haya ni majirani. Wakati mwingine hulala chini ya paa moja, na si rahisi kila mara kutambua lipi ni lipi. Namwomba msomaji anifuate kidogo katika jambo hili, maana ndani yake mna riziki za watu, na mna majina ya watu.

Arusha ina makumbusho mawili ya taifa. Ya kwanza yamo ndani ya Boma la Wajerumani, na tangu mwaka 1987 yanaitwa Makumbusho ya Elimu Viumbe, mahali ambapo wanafunzi huonyeshwa habari za chanzo cha binadamu na za wadudu na wanyama. Lakini kuta zenyewe ni somo jingine. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Wajerumani waliokuwa Moshi, chini ya Kapteni Johannes, walijibu kwa kuchoma nyumba, kuteka ng'ombe na kuua watu. Boma likajengwa, likakamilika mwaka 1900, na waliolijenga kwa shuruti walikuwa Waarusha na Wameru. Mwaka huo huo viongozi kadhaa wa nchi hizi za mlimani walinyongwa, mmoja wao akiwa Mangi Meli wa Moshi.

Ya pili yako Kaloleni, karibu na mnara wa mwenge. Hayo ni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Nyumba ni ndogo. Enzi za Mwingereza ilikuwa ukumbi wa jamii wa Waafrika. Kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Arusha na kupitisha Azimio, ambalo lilitangazwa rasmi tarehe 5 Februari. Mwaka 1977 ukumbi ukafanywa makumbusho.

Hayo yote ni makumbusho ya historia. Mwenyeji wa Arusha akitaka kuona sanaa za kisasa, yaani picha za rangi na vinyago vilivyotengenezwa na watu wa zama zetu, itambidi atoke katikati ya mji kwa barabara ya Dodoma mpaka afike Arusha Cultural Heritage Centre. Mahali hapa pameanzishwa na mtu binafsi mwaka 1994, na jumba kubwa la sanaa likaongezwa baadaye. Ukiliona kwa mbali utadhani watu wamesahau ngoma, ngao na mkuki kando ya barabara, ila vimekua vikawa majengo. Ni duka na ni jumba la maonyesho kwa wakati mmoja. Ndani hakuna ngazi za kukukatiza pumzi. Unapanda taratibu kwa njia inayozunguka, kama mtu anayezunguka kilima kwa njia ya ng'ombe, na kazi za sanaa zinakusindikiza pembeni mpaka juu. New York wanalo jumba linalopandwa hivyo, Guggenheim, lililofunguliwa mwaka 1959. Wageni wengi hupafika hapa wakiwa njiani kwenda Ngorongoro au Serengeti, au wakiwa wanarudi. Wenyeji wa Arusha tunaopita nje yake kila siku kwa daladala ni wengi kuliko tunaoingia.

Mimi niliingia mwaka juzi, na niliingia kwa sababu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu anayeishi Tengeru, ni mchoraji. Hakusomea chuo; alianza kwa kuandika vibao vya maduka na kuchora simba kwenye mabodi ya malori, kisha akahamia kwenye turubai. Wakati ule mfanyabiashara mmoja wa picha, ambaye sina haja ya kumtaja, alimpa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: picha 30 kwa miezi miwili, kila moja shilingi 60,000, na rangi juu ya mnunuzi. Sharti lilikuwa moja tu. Kona ya chini ya kila picha, pale mchoraji anapoweka jina lake, iachwe wazi. Jina litakalowekwa pale atalijua mfanyabiashara mwenyewe.

Mpwa wangu alikuja kuniuliza, kwa kuwa nilifundisha historia miaka mingi, na pengine alidhani historia ina majibu. Mkewe alikuwa na mtoto mchanga, na mkubwa alikuwa amerudishwa nyumbani kwa michango ya shule.

"Shikamoo mjomba," alisema, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba akaendelea: "Mjomba, jina haliliwi."

Sikumjibu, maana alisema kweli. Shilingi milioni moja na laki nane si fedha ya kuichezea. Nilimwambia tu kwamba kabla hajaamua twende kwanza tukaangalie kazi za wenzake, wale waliomtangulia, tuone majina yao yamefika wapi. Tukapanda daladala.

Kitu cha kwanza kilichotusimamisha kilikuwa kinyago cha mpingo, kirefu kuliko sisi wawili, chenye watu wengi wamepandana toka chini hadi juu, kila mmoja amemshika mwenzake na kumkanyaga mwenzake, wazee na watoto, mama na mitungi yao, wote katika gogo moja. Kila Mtanzania anakijua kinyago cha namna hii. Tunakiita ujamaa. Mpwa wangu alipitisha kiganja hewani karibu nacho, asikiguse, akaniambia kwamba mpingo halisi haudanganyi: una uzito wake na una ubaridi wake, tofauti na mti mweupe uliopakwa kiwi ya viatu. Nikamwuliza kama anajua nani alianza kuchonga hivi. Akasema, "Wamakonde." Nikamwambia kwamba hilo ni jina la kabila, na kabila halishiki patasi.

Habari yenyewe ni hii. Wamakonde ni watu wa pande zote mbili za Mto Ruvuma, na uchongaji kwao ni wa kale. Lakini vinyago vya mpingo tunavyoviona madukani ni vya juzi. Vilianza katika karne ya 20, pale Wamakonde wa Msumbiji walipovuka mto kuingia Tanganyika, wakikimbia kodi na kazi za shuruti za Mreno, wakatafuta vibarua katika mashamba ya mkonge. Wengine walifika Dar es Salaam na kuchonga kwa ajili ya kuuza. Katika miaka ya 1950 mfanyabiashara wa mji huo, Mohamed Peera, alianza kununua kazi zao na kuwahimiza wachonge walichokuwa nacho kichwani badala ya kurudia kile kile. Mwishoni mwa miaka hiyo, kwa mkono wa Samaki Likankoa, ukatokea mtindo wa shetani, wenye jicho moja na viungo vinavyopinda pasipotarajiwa. Karibu wakati huo huo Roberto Yakobo Sangwani alifika kutoka Msumbiji na mtindo wake ulioitwa dimoongo, neno la Kimakonde lenye maana ya nguvu. Katika dimoongo, aliyeshinda mieleka alibebwa juu na wenzake.

Wachongaji wengine wakaupokea mtindo huo na kuukuza. Watu wakazidi kuongezeka katika gogo, mshindi akamezwa na umati, kikabaki kinara cha watu wa ukoo mmoja, wazazi na vizazi vyao. Siasa ya Ujamaa iliposhika nchi, baada ya maneno yale yaliyopitishwa hapa Arusha, kinyago kikapewa jina la siasa. Hivyo kinyago kilichozaliwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyeshinda kikawa kinyago cha wote, ambamo huwezi kusema huyu ndiye mshindi. Silalamiki juu ya hilo. Nilikuwa kijana wakati ule, na tuliimba nyimbo zake kwa moyo. Nasema tu kwamba yaliyompata mshindi ndani ya gogo yaliwapata na wachongaji nje ya gogo. Likankoa na Sangwani tunawajua kwa sababu kuna mtu aliyewauliza majina na kuyaandika. Maelfu waliochonga pembeni yao, vidole vyao vikiwa na makovu ya tezo na patasi, wamebaki "Wamakonde".

Mpwa wangu alisikiliza, kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Lakini mjomba, hao walikula." Alikuwa amerudi pale pale tulipoanzia. Tukaendelea kupanda.

Mbele yetu zilikuwa picha za Tingatinga, na hapo mpwa wangu alikuwa nyumbani kwake, maana ndizo alizojifunzia rangi. Nilimwomba anieleze yeye, nami nisikilize. Alieleza jinsi mandhari ya nyuma inavyopakwa kwanza, rangi moja au mbili zinazoyeyukiana, ikaachwa ikauke, ndipo mnyama akawekwa juu yake kwa rangi ya mafuta isiyochanganywa na maji, na madoa yakamaliziwa kwa brashi nyembamba. Alijua kila kitu cha mkono. Habari za mtu mwenyewe alizijua kidogo tu, nami nikamwongezea.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru. Kama vijana wengi wa kusini alifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akaenda Dar es Salaam, akaokoteza kazi za kila namna. Mwaka 1968 hivi alianza kuchora kwenye vipande vya mraba vya hadibodi, kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, kwa kuwa ndizo zilizopatikana kwa bei ya mtu wa kawaida. Picha ziliuzwa Msasani na Oyster Bay, walikokaa wageni. Zilipopendwa, aliwaita vijana wa ukoo wake na kuwafundisha; miongoni mwao walikuwa January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia, Kasper Tedo, Simon Mpata na Omari Amonde. Hakuwa na muda mrefu. Mwaka 1972, usiku, akiwa ndani ya gari, polisi walimpiga risasi wakidhani ni gari la majambazi waliokuwa wakiwafukuza. Miaka yake yote ya kuchora haizidi mitano.

Wanafunzi wake walibaki pamoja, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Jina la mwalimu wao likawa jina la mtindo, na hapo ndipo penye funzo. Kwa kuwa jina lake lilipanda bei, watu wakaanza kuliandika kwenye picha ambazo hakuzichora. Leo picha yenye saini yake inapotokea, wajuzi huinama na kuichunguza kama noti ya bandia. Mtu aliyechora kwa miaka michache amezaa picha nyingi mno baada ya kufa.

"Kwa hiyo," mpwa wangu alisema polepole, "picha zangu 30 zitaandikwa jina la mtu kama huyu."

"Pengine la aliyekufa, pengine la aliye hai," nilimwambia. "Mimi sijui. Wala wewe hutajua."

Alisimama pale muda mrefu. Ningeweza kumpa mawaidha, lakini uzee umenifundisha kwamba kijana anapotazama ukuta kwa namna ile, neno la mtu mzima linaharibu.

Kuna jambo moja nilitaka ajue kabla hatujashuka. Watu husema sanaa ya picha ni ya watu wa pwani na wa kusini, na kwamba sisi wa milima ya kaskazini ni watu wa kahawa na ndizi. Si kweli. Siku zisizo na mawingu, kutoka Tengeru unaiona Kilimanjaro upande wa mashariki, na upande wake wa karibu nasi ndiko Machame. Huko alizaliwa Sam Ntiro mwaka 1923. Alisoma Makerere, katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell, kisha Slade huko London, akarudi kufundisha Makerere. Alichora maisha ya kijijini kwao: watu wakilima, wakijenga, wakienda sokoni, wakikusanyika chini ya migomba. Mwaka 1956 alichora picha ya watu wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi wakati wa usiku. Mwaka 1960 picha hiyo iliingia katika jumba la New York liitwalo Museum of Modern Art, ambamo zimo kazi za Picasso na Matisse. Hebu msomaji apige hesabu. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961. Pombe ya ndizi ya Machame ilipata kiti katika jumba la sanaa za kisasa kabla nchi yake haijapata bendera. Ntiro mwenyewe akawa Balozi wetu wa kwanza London, baadaye akashika kazi za utamaduni nyumbani na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hadi alipofariki mwaka 1993.

Mbele kidogo ya Machame, upande wa Marangu, alizaliwa Elimo Njau mwaka 1932. Naye alisoma Makerere. Mwaka 1959 alichora kwenye kuta za kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a, Kenya, habari za maisha ya Yesu, kuanzia kuzaliwa mpaka msalabani, na watu na nchi wakiwa ni wa Kikuyu. Kanisa lilikuwa la kuwakumbuka Wakristo waliouawa miaka ya vita vya Mau Mau. Mwaka 1965 akaanzisha pamoja na wenzake kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mjini Nairobi, na kwao Marangu akawa na Kibo Art Gallery. Napenda kumfikiria Njau na kuta zile. Picha ya ukutani haiingii sandukuni. Anayeitaka itambidi aende ilipo, akae nayo, na waliomo ndani yake ni majirani wa wanaosali mbele yake.

Nikamweleza mpwa wangu tofauti ninayoiona kati ya safari hizi. Picha ya Ntiro imesafiri mbali kuliko vinyago vingi vilivyofungwa kwa gazeti, lakini ilisafiri na jina lake, na mwaka wake, na habari ya kilichochorwa. Mtoto wa Machame akienda New York, au akiitafuta kwenye simu yake, ataipata. Kinyago kisicho na jina kilichonunuliwa Dar es Salaam mwaka huo huo huenda kiko juu ya kabati huko Hamburg, na mjukuu wa mchongaji hata akiingia nyumba hiyo hatajua kwamba amesimama mbele ya babu yake. Kuuza hakukuwa kosa. Wote waliuza. Lilikuwa ni jambo la kibandiko kidogo cha karatasi.

Na vibandiko haviji vyenyewe. Lazima awepo wa kuviandika. Uganda ilifungua Nommo Gallery mjini Kampala mwaka 1964 iwe jumba la sanaa la taifa. Kenya ilimpata Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais kwa miezi michache mwaka 1966, akaacha siasa na kukusanya kazi za sanaa, vitabu na nyaraka. Aliyoyakusanya yakapelekwa serikalini, na sehemu yake inaonekana leo Nairobi katika jengo la Nyaraka za Taifa. Kwetu Dar es Salaam ilianzishwa Nyumba ya Sanaa mwaka 1972. Humo George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934, alianza akiwa mlinzi wa mlango, akaishia kuwa msanii ambaye kazi zake zilionyeshwa Washington mwaka 1978. Kama pasingekuwa na nyumba, mlangoni pasingekuwa na mlinzi, na sisi tusingekuwa na Lilanga. Ndiyo maana siwadharau hata kidogo watu binafsi wanaojenga majumba kama lile la barabara ya Dodoma. Wamejenga paa. Lakini jumba linaloishi kwa kuuza lazima kwanza lisikilize mnunuzi anataka nini, na mnunuzi wetu mkubwa ni mgeni aliye na siku mbili Arusha.

Hapo mpwa wangu alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile. Alisema mgeni anataka tembo, mlima wenye theluji na Wamasai watatu wekundu wanaotembea kuelekea machweo. Nikamwuliza kama amewahi kuchora jambo la Meru. Akauliza, lipi?

Basi nikamwambia habari ambayo bibi yake mwenyewe aliiona. Mwishoni mwa mwaka 1951 serikali ya Mwingereza iliwatoa Wameru kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki, upande wa kaskazini wa mlima, ili ardhi ipewe walowezi wa Kizungu. Kiasi cha watu 3,000 walifukuzwa, nyumba zao zikachomwa, ng'ombe zao zikaswagwa. Wameru hawakushika mikuki. Walichanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa akaeleza yaliyowapata. Ardhi haikurudishwa kwa maneno yale, lakini nchi nzima ilisikia, na TANU ilipozaliwa mwaka 1954 ilikuta watu waliokwisha kujua kwamba Mwingereza anaweza kushtakiwa. Yule aliyetoka Meru kwenda New York na maneno, na yule wa Machame ambaye picha yake ilifika New York miaka minane baadaye, wote wawili walipeleka habari za milima hii katika mji mmoja. Wa kwanza sijawahi kumwona katika picha ya rangi ya mchoraji yeyote wa huku.

"Hakuna mgeni atakayenunua nyumba inayoungua," alisema mpwa wangu.

"Hata," nilikubali. "Hiyo ungemchorea nani?"

Hakujibu. Tulishuka ile njia ya kuzunguka bila kusema mengi, tukanunua mahindi ya kuchoma barabarani, tukarudi mjini.

Alizichora zile picha 30. Tembo, twiga, machweo, kama ilivyoagizwa, na nadhani zilikuwa nzuri, kwa sababu mkono wake hauwezi kufanya ovyo. Lakini katika kila moja, kwenye kona ya chini, aliandika jina lake, na nyuma ya turubai akaandika tena jina, na "Tengeru", na mwezi na mwaka. Mfanyabiashara alikasirika, akataka kuzikataa, kisha akahesabu siku zilizobaki kabla ya msimu wa wageni, akazichukua kwa shilingi 45,000 badala ya 60,000. Mpwa wangu alinieleza hesabu hiyo bila uchungu. Elfu kumi na tano mara thelathini ni laki nne na nusu. Ni wachache wanaojua kwa shilingi jina lao limewagharimu kiasi gani, yeye anajua.

Mkewe hakufurahi, wala sina haki ya kumlaumu. Laki nne na nusu ni michango ya shule na ni maziwa ya mtoto, na jina ambalo mumewe amelilipia halikuchemka katika sufuria yake. Kwa wiki mbili hivi, dada yangu aliniambia, nyumba ilikuwa na ukimya. Mimi pia nilikaa mbali, nikijua kwamba ushauri wa mzee ni rahisi kwa mzee mwenye pensheni.

Kisha nilipokwenda kuwaamkia sikukuu ya Pasaka, nilimkuta mke huyo amekaa kibarazani na kaunta buku mpya mapajani. Alikuwa amechora mistari kwa rula. Safu ya kwanza namba ya picha, ya pili kilichochorwa, ya tatu ukubwa wake, ya nne tarehe, ya tano amenunua nani na anatoka wapi. Alinieleza, kwa sauti ya mtu anayesema jambo la kawaida, kwamba kama jina limelipiwa fedha yote ile basi ni lazima ijulikane limekwenda wapi. Picha zile 30 alikuwa amezijaza zote kwa kumbukumbu ya mumewe, na zilizofuata alikuwa akizijaza mwenyewe kabla hazijatoka mlangoni. Ukurasa wa pili ulikuwa umeanza. Namba 34, safu ya pili, paliandikwa: Ngare Nanyuki, nyumba. Safu ya mnunuzi ilikuwa wazi.